Kanuni za Pilates: zilitoka wapi, na zinafanya kazi gani mwilini

Waulize walimu watatu wa Pilates, mazoezi ya polepole ya kuimarisha na kunyoosha mwili, kanuni za mazoezi yao ni ngapi, na usishangae ukipata majibu matatu. Mmoja atataja sita: umakini, udhibiti, kiini (yaani katikati ya mwili), usahihi, pumzi na mtiririko. Wa pili, aliyefundwa na shule ya Body Control Pilates ya Uingereza, atazihesabu nane, na humo utakuta pia kulegeza mwili, mpangilio wa viungo na ustahimilivu. Wa tatu amepitia shule ya STOTT Pilates ya Toronto, Kanada. Huyo atakupa tano ambazo zinasikika kama somo la mifupa: pumzi, mkao wa nyonga, mkao wa mbavu, mabapa ya mabega, kisha kichwa na shingo. Anayeanza hubaki na swali la haki kabisa: hizi ni kanuni za nani, na mwanzilishi mwenyewe alisema nini?

Jibu fupi ni kwamba ile orodha ya sita, inayobandikwa ukutani na kurudiwa kila mahali kana kwamba ilizaliwa siku moja na mazoezi yenyewe, mwanzilishi hakuiandika. Jibu refu ndilo lenye faida, kwa sababu linaonyesha kanuni zipi unaweza kuzishika kwa mikono miwili na zipi uzipokee huku ukiuliza maswali.

Joseph Pilates alizaliwa Desemba 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. Kwa masimulizi yake, utoto wake ulijaa maradhi: pumu, matege, homa ya baridi yabisi. Akakua akiujenga mwili kwa kila njia aliyoiona mbele yake, kuanzia sarakasi na mazoezi ya viungo hadi ndondi, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa amehamia Uingereza. Vita vilipoanza 1914, Mjerumani aliyekuwa kwenye ardhi ya Waingereza alihesabiwa raia wa adui. Pilates alikamatwa, akawekwa Lancaster, kisha akapelekwa kambi ya Knockaloe kwenye kisiwa cha Man, kambi iliyopata kushikilia watu zaidi ya 20,000. Alikaa huko hadi vita vikaisha. Inasimuliwa kwamba aliwafanyisha wenzake mazoezi kila siku, na kwa wagonjwa wasioweza kutoka kitandani alifunga springi kwenye fremu za vitanda ili wanyooshe mikono na miguu wakiwa wamelala. Wapo wanaoongeza kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanafunzi wake aliyekufa katika homa kubwa ya mafua ya 1918. Hilo la mwisho lipokee kama hadithi ya kusifia mzee. La springi walau linaendana na vifaa alivyobuni baadaye.

Mwaka 1926 alivuka bahari kwenda Marekani. Ndani ya meli alikutana na Clara, aliyekuja kuwa mwenzi wake wa maisha na, kwa maelezo ya wengi waliosoma kwao, mwalimu mpole kuliko yeye. Wakafungua ukumbi New York, namba 939 barabara ya Eighth Avenue, jirani na kumbi za ngoma za jukwaani. Wacheza densi waliumia, na walipoumia walipelekwa kwa Joseph. George Balanchine na Martha Graham, majina makubwa ya densi katika jiji lile, walikuwa miongoni mwa waliowatuma watu wao kwake. Ujirani huu si jambo dogo. Sehemu kubwa ya sura tunayoijua leo ya Pilates, miguu iliyonyooka hadi ncha za vidole, mabadiliko laini kutoka zoezi moja hadi jingine, shingo ndefu, imepitia miili ya wacheza densi kabla ya kufika kwa karani mwenye maumivu ya mgongo.

Yeye hakuita mazoezi yake Pilates. Aliyaita Contrology, na katika kitabu alichotoa 1945 pamoja na William John Miller aliyapanga mazoezi 34 ya kufanyia chini, bila mashine yoyote, ili mtu ajifanyie nyumbani. Humo kuna sehemu anayozungumzia misingi inayoongoza kazi yake, lakini hutakuta orodha ya sita. Utakuta mtu anayehubiri. Anasema mwili, akili na roho viende pamoja. Anasisitiza kupumua kikamilifu ili damu izunguke vizuri na kuusafisha mwili. Anataka maelekezo yafuatwe bila kuchanganya na mambo ya kujibunia, tena kwa subira: mara nne kwa wiki, miezi mitatu, ndipo uanze kudai matokeo. Anasema kwamba mwenye uti wa mgongo mkavu akiwa na miaka 30 ni mzee, na mwenye uti unaopinda vizuri akiwa na miaka 60 ni kijana.

Alifariki Oktoba 1967. Ukumbi uliendelea, kwanza chini ya Clara, kisha mikononi mwa Romana Kryzanowska, mwanafunzi wao wa miaka mingi. Wanafunzi wawili wa Romana, Philip Friedman na Gail Eisen, ndio waliotoa kitabu mwaka 1980 na kuyapanga mafundisho waliyopokea chini ya vichwa sita. Miaka kumi na mitatu baada ya mzee kuzikwa. Hawakuzusha: kila kichwa kina mizizi katika aliyoyasema na kuyafundisha. Ila upangaji ni wao, na mpangaji ana haki ya kupanga vingine, ndiyo maana shule nyingine zikaja na nane au tano bila kumkosea mtu adabu.

Kuna tukio la pili lililozipa kanuni hizi uzito zaidi, nalo lilitokea mahakamani. Kampuni moja ya New York ilikuwa inadai kwamba jina Pilates ni alama yake ya biashara, na anayetaka kulitumia aombe ruhusa. Oktoba 2000, jaji Miriam Goldman Cedarbaum wa mahakama ya shirikisho huko Manhattan alitamka kwamba jina hilo limekuwa la kawaida, ni jina la aina ya mazoezi na haliwezi kumilikiwa na mtu mmoja. Tangu hapo milango ikawa wazi. Mtu yeyote anaweza kupachika kibao cha Pilates juu ya mlango wake, awe amesoma miaka miwili au wikendi moja. Na mazoezi yenyewe, ukiyatazama moja moja, mengi yana ndugu zao kwenye yoga au kwenye jimnastiki za zamani za Ujerumani. Basi kinachobaki cha kutofautisha Pilates na mengine ni namna ya kufanya, na kanuni ndizo zinazoieleza namna hiyo.

Chukua zoezi moja tu, la kuinuka kwa kuukunjua mgongo, ambalo ni la pili katika yale 34. Unalala chali, miguu imenyooka na kubanana, mikono imenyooshwa nyuma ya kichwa. Unaileta mikono juu, kidevu kinaelekea kifuani, kisha unauinua mgongo kutoka chini pingili kwa pingili mpaka unajikuta umeketi na vidole vinaelekea kwenye nyayo. Halafu unarudi kwa njia ileile, pingili ya chini kwanza, polepole, mpaka kisogo kiguse mkeka.

Kwa mtazamaji hili ni lile zoezi la kuinuka na kulala tulilofanyishwa shuleni, mwalimu anapiga filimbi na mwenzako amekushika miguu. Lakini lifanye kama linavyotakiwa uone. Kwanza, hakuna wa kukushika miguu. Pili, hakuna kurusha mikono ili kupata kasi. Watu wengi wenye nguvu zao, vijana wanaobeba vyuma kila jioni, hufika katikati na kukwama: miguu inapaa, mgongo wa chini unakataa kukunjuka na kuinuka mzima kama ubao. Sababu ni kwamba misuli ya mbele ya nyonga, ile inayounganisha paja na uti wa mgongo, imezoea kufanya kazi yote, na kasi ilikuwa inaficha uvivu wa tumbo. Ondoa kasi, siri inatoka.

Hapo ndipo udhibiti unapopata maana. Mimi naona kanuni hii ndiyo mama, na nyingine tano ni njia za kuifikia. Kudhibiti ni kuweza kusimamisha mwendo mahali popote, kwenda na hata kurudi. Anayeinuka vizuri lakini akidondoka chali wakati wa kurudi hajalimiliki zoezi, amelibahatisha. Pilates alijenga jambo hili ndani ya mashine zake. Rifoma, kile kitanda chenye mkokoteni unaoteleza kwa springi, hakikuadhibu unaposukuma, kinakuadhibu unaporudi. Ukiiachia springi, mkokoteni unagonga mbao kwa kishindo na darasa zima linageuka kukuangalia. Msuli hapo unafanya kazi huku ukirefuka, ukizuia badala ya kusukuma, na ndiyo kazi tunayoifanya tunaposhuka ngazi au kumlaza mtoto aliyesinzia bila kumwamsha.

Udhibiti pia ndio unaoeleza kwa nini marudio ni machache. Mazoezi mengi ya Pilates hurudiwa mara tatu, tano, labda nane. Anayetoka kwenye jimu ya kawaida huona kama anadanganywa. Lakini ukirudia zoezi mara 40, zile 30 za mwisho zinafanywa na mwili uliochoka ambao umeshaanza kuazima nguvu shingoni na kiunoni, na unachojifunza ni huko kuazima. Hata lile zoezi la kwanza maarufu, la kupigapiga mikono ukiwa umelala huku kichwa na miguu vimeinuliwa, ambalo jina lake linatokana na mapigo 100, Pilates aliagiza lianzwe na mapigo 20 na kuongezwa matano matano. Madarasa mengi ya leo humtupa mgeni kwenye 100 siku ya kwanza. Akitoka hapo na maumivu ya shingo wiki nzima, kosa si la zoezi.

Pumzi inastahili nafasi ndefu kidogo, maana ndipo panapozungumzwa mengi na kueleweka machache. Agizo la kawaida ni kuvuta hewa kwa pua, kuitoa kwa mdomo, na kuielekeza mbavuni, pembeni na mgongoni, badala ya kulijaza tumbo. Kwa nini mbavuni? Kwa sababu katika mazoezi haya ukuta wa tumbo uko kazini muda wote, umekaza kiasi ili kuushika mgongo. Ukipumua kwa kuliachia tumbo litoke, kila pumzi inakuondolea nguzo. Mbavu zina viungo vinavyoziruhusu kufunguka pembeni, ila wengi wetu hatuzitumii.

Ukitaka kuhisi jambo hili bila mwalimu, chukua kanga, izungushe kifuani chini kidogo ya matiti, pishanisha ncha mbele na uzivute kiasi cha kubana bila kuumiza. Vuta pumzi na uisukume kanga kwa pembeni na nyuma. Toa pumzi, ukihisi kanga inalegea. Mabega yasipande. Watu wazima wengi hugundua kwamba upande wa nyuma haufunguki kabisa. Baada ya siku chache za dakika mbili mbili hali hubadilika.

Kutoa pumzi ndiko Pilates alikokazania zaidi, hadi kufananisha mapafu na kitambaa kilicholowa kinachokamuliwa mpaka tone la mwisho. Maelezo yake ya usafi wa damu ni ya zama zake, na daktari wa leo hatayakubali yote, kwa kuwa mapafu hayahitaji kukamuliwa ili yabaki salama. Lakini agizo lenyewe lina sababu nyingine nzuri. Unapotoa hewa kwa nguvu hadi mwisho, misuli ya ndani ya tumbo, hasa ule unaouzunguka mwili kama mshipi, hulazimika kukaza. Ndiyo maana walimu wengi huweka kutoa pumzi kwenye sehemu ngumu ya zoezi: mwili unapata msaada bila kuamrishwa. Kuna na faida ya pili. Anayehesabu pumzi hawezi kuizuia, na kuzuia pumzi wakati wa kujikaza hupandisha shinikizo la damu ghafla, jambo ambalo mwenye presha hapaswi kulichezea.

Walimu hugombana sana juu ya pumzi ipi iwe ya kuinukia na ipi ya kurudia. Usipoteze usingizi kwa hilo. Shule mbili nzuri zinaweza kupangia zoezi moja pumzi kinyume na bado mgongo wako ukafaidika.

Kiini ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Pilates alisisitiza kwamba nguvu zote zianzie katikati ya mwili, ukanda ulio kati ya mbavu za chini na nyonga, mbele na nyuma, kisha ziende kwenye mikono na miguu. Ukiutazama ukanda huo kwa elimu ya mwili ya leo utaona aina ya chumba: juu kuna kiwambo kinachotumika kupumulia, chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi, mbele na pembeni kuna tabaka za misuli ya tumbo, na nyuma kuna misuli midogo inayoshikanisha pingili. Vyote hivi vikifanya kazi kwa kupokezana, shina la mwili linatulia na viungo vya nje vinapata pa kuegemea.

Mwaka 1996 watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipima umeme wa misuli wakati watu wanainua mkono kwa haraka. Kwa watu wasio na maumivu, ule msuli wa mshipi ulianza kukaza kabla hata mkono haujaanza kwenda. Kwa wale wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, ulichelewa. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, lakini habari ilienea duniani kote, na walimu wa Pilates waliipokea kwa vigelegele, kwani ilionekana kuthibitisha alichokuwa anakisema mzee. Hapo ndipo sauti ya darasani ikageuka kuwa moja: vuta kitovu ndani, kigusishe uti wa mgongo.

Tatizo ni kwamba agizo hilo limekuzwa kupita kiasi. Kuchelewa kwa msuli kunaweza kuwa matokeo ya maumivu badala ya chanzo chake, na utafiti uliofuata haukuonyesha kwamba kuufundisha msuli huo peke yake kunashinda mazoezi ya kawaida. Nimeona watu wanaotembea barabarani wamelivuta tumbo ndani siku nzima, pumzi fupi, mabega juu, wakiamini wanaulinda mgongo. Tumbo lililokazwa muda wote linanyima kiwambo nafasi ya kushuka na kuibana sakafu ya nyonga isivyotakiwa, na mama aliyejifungua karibuni hilo linaweza kumwongezea shida. Kiini kinachofanya kazi hukaza kadiri ya mzigo. Kuinua kikombe hakuhitaji kile kinachohitajika kuinua gunia la mchele.

Mgogoro wa pili unahusu mgongo wenyewe, na hapa mwanzilishi na warithi wake wengi wameachana njia. Pilates aliamini mgongo bora umenyooka, na aliwataka watu wanapolala waulaze wote chini usiache upenyo. Elimu ya mwili ya leo inasema uti una mipindo yake ya asili, mmoja shingoni, mwingine kifuani, mwingine kiunoni, na mipindo hiyo ndiyo inayopokea mishtuko tunapotembea. Kwa hiyo shule nyingi za sasa zinafundisha kuanzia kwenye mkao wa asili wa nyonga, ambao kiuno kinaacha nafasi ndogo juu ya mkeka, na kuubandika mgongo chini pale tu miguu yote miwili inapokuwa hewani na tumbo bado halijapata nguvu za kutosha. Wanaojiita wa jadi hawakubali, na wana haki ya kusema wanafuata aliyoyaandika mwenyewe. Mimi niko upande wa mkao wa asili. Mtu akiheshimu kazi ya mwalimu wake hatakiwi kubeba na makosa ya elimu ya mwaka 1945. Lakini ukimkuta mwalimu wa jadi anayekuangalia kwa makini na kukurekebisha, bora huyo kuliko wa kisasa anayeimba maagizo huku anaangalia simu.

Usahihi na umakini havihitaji maneno mengi. Usahihi ni kujua kila sehemu ya mwili iko wapi wakati zoezi linaendelea, zikiwemo zile ambazo hazisogei: mguu unapozungushwa hewani, swali la mwalimu huwa juu ya nyonga ya upande wa pili, imetulia au inafuata? Umakini ni bei ya kuyajua hayo. Huwezi kuhesabu pumzi, kusikiliza nyonga na wakati huohuo kupanga kesho utamjibu nini bosi. Wengi husema wanatoka darasani na kichwa chepesi, na nadhani sababu ni hiyo tu, wala haihitaji maelezo ya kiroho.

Mtiririko huwa wa mwisho kuja, na ni vizuri uje mwisho. Katika mpango wa awali zoezi moja linaishia pale jingine linapoanzia, kiasi kwamba mtu aliyezoea anayapitia yote 34 bila kusimama kujikuna. Uzuri huo wa wacheza densi unavutia wapiga picha, na ndio unaowaharibia wanaoanza, kwa sababu kulainisha mwendo ambao bado una kasoro ni kuifundisha kasoro iende kwa madaha. Anza kwa vituo. Mtiririko utakuja wenyewe.

Ukishaona hivi, zile orodha tatu za mwanzo hazigombani tena. Sita za Friedman na Eisen zinaeleza tabia ya mwendo. Tano za Toronto zinaeleza mahali pa kuweka mifupa ili mwendo huo uwezekane, na ni msaada mkubwa kwa mwalimu anayemtazama mwanafunzi kwa jicho la ukaguzi. Nane za Uingereza zinakaa katikati, na ile ya kulegeza mwili ni jibu kwa watu wa mjini wanaofika darasani wakiwa wamekaza meno. Wote wanafundisha zoezi lilelile la kuinuka pingili kwa pingili.

Je, yana faida gani yaliyopimwa? Kuhusu maumivu ya mgongo wa chini, taasisi ya Cochrane, inayochambua tafiti za tiba, ilikusanya majaribio 10 na kutoa tathmini mwaka 2015. Ilikuta Pilates inapunguza maumivu na kusaidia shughuli za kila siku kuliko kutofanya kitu au kufanya kidogo sana, kwa ushahidi wa kiwango cha chini hadi cha kati. Haikupata ushahidi wa kutosha kwamba inayashinda mazoezi mengine. Kwa maneno mengine, mwenye kupenda kutembea au kuogelea na anafanya kwa bidii hajakosa kitu cha siri. Tena Pilates ya mkekani haipandishi sana mapigo ya moyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi yanayochangamsha moyo, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili. Pilates inaweza kuhesabiwa kwenye hiyo sehemu ya pili. Ya kwanza bado utadaiwa. Na kuhusu ahadi za kupunguza kitambi kwa wiki mbili, huo ni usemi wa matangazo. Huwezi kuyeyusha mafuta ya sehemu moja kwa kuikunja sehemu hiyo.

Kuna wanaopaswa kuwa waangalifu, na hapa kanuni hazitoshi bila daktari au mfiziotherapia. Mwenye mifupa iliyodhoofika kwa ugonjwa wa mifupa ayaepuke mazoezi ya kukunja mgongo kwa mbele na ya kubingiria, likiwemo lile la kuinuka nililolieleza, kwa sababu mkunjo huo unaweza kuvunja pingili dhaifu. Mwenye diski ya uti wa mgongo iliyochomoza na maumivu yanayoshuka mguuni asianze kwa video. Mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza hashauriwi kulala chali kwa muda mrefu, na yapo mazoezi ya kukaa, ya ubavuni na ya kupiga magoti yanayomfaa. Aliyejifungua na kuona tumbo linatokeza mstari katikati anapoinuka apumzishe mazoezi ya kuinua kichwa na mabega mpaka akaguliwe.

Kuhusu vifaa, usitishwe na picha za kumbi zenye mashine zilizopangwa kama wodi. Nairobi na Dar es Salaam madarasa ya rifoma yapo, mengi kwenye mitaa ya wenye uwezo, na bei yake inajieleza. Mashine inasaidia, hasa kwa anayetoka kwenye jeraha, kwani springi inaweza kumbebea sehemu ya uzito. Lakini yale 34 yaliandikwa kwa ajili ya mtu aliye sebuleni kwake. Unachohitaji ni sehemu ya chini yenye unene wa kutosha. Jamvi peke yake litakuumiza pingili unapobingiria. Kunja blanketi uliweke juu yake. Anayeshindwa kuinuka miguu ikiwa imenyooka akunje magoti na ajishike nyuma ya mapaja, apande na kushuka kwa msaada wa mikono, na kila wiki aipunguzie mikono kazi.

Kuhusu kumchagua mwalimu, angalia mambo mawili kabla ya cheti. Kwanza, akusogelee. Kanuni zote za Pilates zinahusu vitu ambavyo mwenyewe huvioni ukiwa umelala, na mtu anayefundisha watu 30 kutoka jukwaani hawezi kuona nyonga yako inafuata mguu. Pili, akuulize kabla hujalala mkekani: presha, upasuaji, uja uzito, mgongo, dawa unazotumia. Asipouliza, mwambie mwenyewe, na utazame anabadilisha zoezi gani kwa ajili yako.